Picha ya Dirishani

Alhamisi ambayo hakuja, sikuweka lenzi jichoni tangu asubuhi.

Anayeijua kazi yangu ataelewa hilo lina uzito gani. Mimi ni fundi saa. Nina kibanda cha mbao na kioo, meza yenye taa ya shingo ndefu, bisibisi nyembamba kama sindano, na kile kioo kidogo cheusi cha kukuzia vitu ambacho sisi mafundi hukibana jichoni kwa misuli ya uso, bila kukishika. Bila hicho, saa ya mkononi ya kike kwangu ni sawa na punje ya mchanga. Wateja walikuja asubuhi ile, nikawaomba warudi mchana. Mmoja, mzee mwenye saa ya mnyororo, alinitazama kama nimemtukana.

"Fundi, hata kubadili betri kunasubiri mchana?"

"Nitabadili, mzee. Lakini nikiharibu usinilaumu."

"Basi ngoja nirudi. Hii saa imenivumilia kuliko mke wangu."

Nilicheka. Nakumbuka vizuri kwamba nilicheka.

Nilikuwa nalitunza jicho langu la kushoto. Saa tano mchumba wangu, mpiga picha tuliyemwita Hivyohivyo, alikuwa aje na kamera anipige picha nikiwa mezani kwangu, uso mkavu, macho meupe. Jumapili angempelekea mama yake picha hiyo. Mama akiitazama, akakubali kwamba mimi siye mtu aliyemdhania kwa miezi minane, tungeoana. Akikataa, tulishakubaliana kwamba tungeachana. Hatungetoroka, wala hatungesubiri zaidi. Baada ya maneno yote yaliyokwisha kusemwa, tulikuwa tumebaki na picha moja tu ya kutuokoa.

Saa tano ikafika. Kwenye kibanda changu saa tano hufika mara nyingi, maana ukutani kuna saa ishirini na hakuna mbili zinazokubaliana. Nikaisubiri hata ile ya mwisho. Saa tano na robo nikatoa kioo kwenye mkoba nikajitazama. Ilipokaribia saa sita nikaanza kumkasirikia. Kumkasirikia nilikuwa hodari.

Aliyekuja ni kinyozi, yule wa mlango wa pili kutoka studio ya Hivyohivyo. Alikuwa bado na aproni yake, nywele za mteja zimemganda mikononi, na ameshika kitana ambacho nadhani hakujua kama amekishika.

"Fundi," akasema. "Funga kibanda."

"Kuna nini?"

"Funga kwanza, dada yangu."

"Siwezi kufunga. Namsubiri mtu."

Akatazama chini. "Ndiye huyo," akasema. "Ameanguka pale studio. Tumemkimbiza hospitali. Tumemkimbiza bure."

*

Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, lakini mtaa mzima ulimwita Hivyohivyo, kwa sababu ya neno alilolisema kila alipotaka kubonyeza kamera. "Hivyohivyo! Usitikisike!" Watoto wakimwona njiani walisimama ghafla kama vinyago, wakampigia kelele, "Hivyohivyo!" naye akajifanya anawapiga picha kwa vidole. Juu ya mlango wa studio alikuwa ameandika kwa rangi ya bluu: KAMERA YANGU HAIDANGANYI.

Na hakuwa mwongo. Tatizo lake lilikuwa jingine. Studio ilikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na kioo cha mteja kuchania nywele na kuweka kola sawa. Mteja anapochana, Hivyohivyo alichungulia pembeni ya pazia, akamtazama mara moja tu, kisha akapanga taa. Mteja akitoka nyuma ya pazia, taa tayari zinamsubiri.

"Mtu namjua kabla hajakalia kiti," aliniambia siku moja, anajisifu. "Mwalimu namwekea taa kwa juu, ukali utokee. Bibi harusi namwekea ya pembeni, naikinga kwa karatasi nyeupe, aibu itokee."

"Na bibi harusi akiwa hana aibu?"

"Picha itamsaidia."

"Na mwalimu mpole je?"

"Mimi sijawahi kumwona mwalimu mpole."

"Utamwonaje, na taa umeshaiweka juu?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Alikuwa na kicheko kizuri, kichwa kinakwenda nyuma na meno yote yanaonekana. Kisha akarudi kupanga taa zake.

Mara yangu ya kwanza kuingia pale ilikuwa mchana, nataka picha mbili ndogo za leseni ya kibanda. Nilikuwa nimetoka kwenye saa iliyonikalisha tangu asubuhi bila kutoa lenzi. Nilivaa gauni jeusi kwa sababu mafuta ya saa hayaonekani kwenye nguo nyeusi. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu, limezungukwa na alama ya duara, linatoa maji, nami nalifuta kwa leso. Nyuma ya pazia, mbele ya kile kioo, nikalifuta tena. Kumbe mwenzangu anachungulia.

Nilipotoka, taa zote zilikuwa zimezimwa isipokuwa moja.

"Pole sana," akasema, kwa sauti ya chini.

"Asante," nikajibu. Nilidhani ananipa pole ya jicho.

"Inamisha uso kidogo. Tazama mkono wako. Usijilazimishe kutabasamu."

"Hii ndiyo ya leseni?"

"Ya leseni tutapiga baadaye. Hii ni yako mwenyewe."

Nikafanya alivyotaka. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kitu ni changu kwa sauti kama ile. "Hivyohivyo," akanong'ona, akabonyeza.

Wiki iliyofuata mtaa ukaanza kunihurumia. Muuza magazeti alipunguza redio nilipopita. Mama mmoja alinishika mikono yote miwili akaniambia nijikaze, mimi bado kijana, nitapata mwingine. Nikajiuliza, mwingine nani? Nilipofika mbele ya studio ndipo nikajiona dirishani, mkubwa kuliko nilivyo, ndani ya fremu nyeusi. Shavu moja lilikuwa kwenye mwanga na jingine gizani, na tone moja la maji limening'inia kwenye kope. Nilikuwa mzuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Na nilikuwa nimefiwa.

Niliingia kama moto.

"Nani amekufa?"

"Samahani?"

"Nakuuliza wewe. Kwangu amekufa nani?"

Alikuwa ameshika fremu tupu. Akaikumbatia. "Mumeo," akasema kwa woga. "Au... siye mumeo?"

"Sina mume! Sijawahi kuwa na mume! Hili ni jicho la lenzi. Mimi ni fundi saa!"

Akanitazama mimi, akaitazama picha ya dirishani, akarudi kwangu. Kisha, badala ya kuomba radhi, akauliza polepole, "Huna mume kabisa?"

Ndivyo tulivyoanza.

*

Mama yake alimletea chakula cha mchana kila siku, kwenye bakuli la bati lenye mfuniko, na kila siku alipita mbele ya dirisha lile. Kwa hiyo Hivyohivyo alipomwambia amepata mwanamke wa kuoa, akanyoosha kidole kwenye picha, mama hakumsubiri amalize. Hivyohivyo mwenyewe alinisimulia jioni ile, amekaa kwenye kiti cha wateja kibandani kwangu, anachezea mkanda wa saa uliokatika.

"Mama akaniuliza, 'Yule mjane?' Nikamwambia, 'Si mjane, mama, nilikosea mimi, ni jicho tu.' Akaniuliza, 'Mwanangu, mlangoni kwako umeandika nini?'"

"Ukamjibu nini?"

"Hakunisubiri. Akaniambia, 'Nisomee.' Nikamsomea."

"Halafu?"

"Akasema, 'Basi. Uso ule umeshazika mtu. Sitaki aje akuzike na wewe.'"

Alikuwa anatabasamu alipokuwa akisimulia. Alipofika mwisho tabasamu likaisha.

"Iondoe dirishani," nikamwambia.

"Nikiiondoa atasema nimeificha."

"Basi nipige nyingine, umwonyeshe."

Alinipiga. Katika miezi ile minane alinipiga mara nne, na mara zote nne nilitoka nimefiwa. Siwezi kusema hakujitahidi. Alininunulia kitambaa cha njano. Aliwasha taa zote. Lakini mkono wake ulishanizoea kwa namna moja. Nikicheka, alishusha kamera akakisubiri kicheko kipite, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke barabara. Uso wangu ukitulia, ndipo anasema, "Hivyohivyo."

"Kwa nini usipige nikiwa nacheka?"

"Ulikuwa unatikisika, Fundi."

Jumatatu ya wiki ile tuligombana kwa mara ya mwisho. Picha ya nne ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye mashine, bado ina joto. Nikaiona, nikailaza mezani kifudifudi.

"Unampenda huyu," nikamwambia. "Mimi hunipendi."

"Si ndiye wewe huyo?"

"Huyu hajawahi kukuuliza umekula nini. Huyu hajawahi kukushonea kifungo. Ulimchungulia mara moja kwenye pazia ukampenda, na mimi nimekaa miezi minane namsubiri aondoke ili nami nipate nafasi."

"Fundi wangu..."

"Kaa kwenye kiti. Leo nakupiga mimi, nawe uonje."

Alikaa. Alikaa taratibu mno, akainua kidevu, akakaza midomo, akaweka kiganja chake kifuani, vidole vimebana shati. Paji la uso lilikuwa linang'aa. Nilimtazama kupitia kamera nikaona mwanaume aliyejaa majivuno, mtu ambaye hata tukigombana anataka atoke vizuri.

"Toa mkono hapo. Wewe si mheshimiwa."

"Subiri kidogo," akasema.

"Sisubiri. Hivyohivyo!" Nikabonyeza.

Alibaki pale kitini, ameinamia magoti yake, nikadhani amenuna. Baadaye akainuka, akaichapa ile picha kwa ukubwa wa kiganja, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndivyo unavyoniona?"

"Ndivyo ulivyo."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliandika kitu kwenye daftari lake la picha, akanikabidhi ile nakala, akasema kwa upole ambao ulizidi kuniudhi, "Alhamisi saa tano nakuja kibandani kwako. Sileti taa hata moja. Wewe fanya kazi yako, cheka, gombana na wateja, mimi nitapiga tu. Na hii ya dirishani nitaiondoa kwa mkono wangu."

Sikumshukuru. Nilikwenda zangu, nikaitumbukiza picha yake kwenye droo ya mikanda ya saa, nikaifunga kwa kishindo. Kishindo kile hakukisikia mtu isipokuwa mimi.

*

Ijumaa asubuhi nilifungua kibanda kwa kuwa sikujua pengine pa kukaa. Kwao kulikuwa na msiba, lakini mimi msibani kwao ningeingia kama nani? Nilibana lenzi, nikaifungua saa ya yule mzee, nikaifunga, nikaifungua tena.

Kivuli kikaangukia meza. Niliinua uso nikamwona mama yake, na pembeni yake dada mkubwa wa Hivyohivyo ameshika daftari la studio. Mama hakuwahi kukanyaga kwangu. Ana kwa ana tulikuwa tumekutana mara mbili tu, zote njiani, na zote alivuka upande wa pili.

Nikatoa lenzi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikamsogezea kiti cha wateja. Akakaa ukingoni, kama mtu asiyetaka kiti kijue amekikalia. Macho yake yalikuwa makavu kabisa. Alikuwa ameshalia hadi yamekwisha.

Aliyezungumza ni dada.

"Tunazika kesho. Tumetafuta picha yake studio nzima. Mle ndani kuna picha za kila mtu. Kuna watoto wachanga mle ambao sasa nao wana watoto. Yeye hayumo."

"Hakupenda kupigwa," nikasema.

"Kitambulisho chake ni cha zamani, kijana wa shule. Watu hawatamjua." Akafungua daftari, akaweka kidole. "Hapa ameandika Jumatatu. 'Mwenyewe. Nakala moja. Kapiga Fundi, kachukua Fundi.' Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Unayo?"

Nilikuwa nayo chini ya goti langu, ndani ya droo. Nilijua nilivyoipiga na nilijua kwa nini. Nikitoa picha ile, ndiyo ingekuwa sura yake mbele ya watu wote, na mama yake angejua jinsi nilivyomtazama mwanawe siku tatu kabla hajafa. Nikisema sinayo, angezikwa bila sura.

"Si picha nzuri," nikasema. "Siku hiyo tulikuwa tumegombana."

"Ilete," mama akasema.

Nikaivuta droo. Mama akaipokea, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Miwani nimeiacha nyumbani," akasema. "Simwoni." Akajaribu tena. "Simwoni mwanangu."

Sikufikiri. Nilichukua lenzi yangu, nikaipangusa kwa leso.

"Weka hapa, mama. Bana kwa jicho. Usiishike kwa mkono, bana kwa shavu na nyusi. Hivyo."

Ilimdondoka mara mbili mapajani. Mara ya tatu ikashika. Akaisogeza picha mpaka ikakaribia kugusa pua.

Dada alikuwa anachungulia begani kwake. "Ametoka vizuri," akasema. "Tazama alivyokaa. Kama mkurugenzi."

"Nyamaza," mama akasema.

Akaizungusha picha kidogo kwenye mwanga.

"Huyu anaumwa."

Dada akanitazama. Mimi nilikuwa natazama meza.

"Ana jasho," mama akasema, bila kuinua uso. "Hapa juu ya mdomo, na hapa kwenye paji. Midomo amekaza hivi tangu mtoto, akiumwa. Tumbo likimkata alikuwa anakaza hivi, hasemi. Na huu mkono..." Akauwekea ukucha. "Vidole vimebana nguo. Wewe ulikuwa naye. Alikwambia nini?"

"Alisema nisubiri kidogo."

"Ukasubiri?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Nilidhani anajidai."

Niliyasema maneno hayo kwa sauti ya kawaida. Hayakuwa na sauti nyingine. Dada alijishika mdomo. Kinyozi alishaniambia daktari alisema ni moyo, na kwamba moyo wa namna ile huwa unatoa dalili siku kadhaa kabla. Sikuuliza siku ngapi. Mpaka leo sijauliza.

Mama hakunipigia kelele. Ningependa angenipigia. Aliendelea kuitazama picha, muda mrefu kuliko fundi mgeni anavyoweza kuivumilia lenzi, mpaka misuli ya shavu ikaanza kumcheza. Hatimaye ikamdondoka yenyewe kwenye kiganja.

"Mama!" dada akasema. "Jicho lako!"

Lilikuwa jekundu. Alama ya duara ilikuwa imechimbika kulizunguka, na maji yalikuwa yanatoka, kwenye jicho lile moja tu. La pili lilikuwa kavu kama alivyoingia nalo. Mama akaligusa. Akatazama kidole chake kilicholowa. Akaitazama lenzi. Kisha akaniinulia uso, na kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, si dirishani, si ng'ambo ya barabara. Alilitazama jicho langu la kushoto.

"Kwa hiyo ni hiki tu," akasema.

"Ni hicho tu, mama."

"Hukuwa unalia."

"Nilikuwa natengeneza saa."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu kitu kisichoisha. "Miezi minane," akasema.

"Miezi minane."

Kama angeniomba radhi ningeshindwa kuipokea, na kama ningeiomba mimi sijui ningeanzia wapi. Tulikaa pale, kila mmoja na jicho lake.

Dada ndiye aliyetuamsha. "Itabidi ikuzwe leo," akasema, anajifuta. "Nitaipeleka studio ya kule juu. Nitawaambia waikate hapa mabegani, ule mkono usionekane. Itakuwa nzuri."

"Wasikate," mama akasema.

"Mama, watu wataona..."

"Wasikate mkono. Alikuwa anasema kitu."

Akainuka. Alipofika nje ndipo nikagundua ameondoka na lenzi kiganjani. Sikumwita.

*

Tulimzika Jumamosi. Picha ilikuwa imekuzwa, imewekwa kwenye fremu mbele ya watu, na mkono wake wote uko pale kifuani. Nilisimama nyuma kabisa pamoja na kinyozi. Watu walipita mbele ya picha mmoja mmoja, na waliporudi upande wetu niliwasikia.

"Mtu wa heshima zake," mmoja akasema. "Ona alivyoweka mkono kifuani."

"Alikuwa na majivuno kidogo," mwenzake akajibu, "lakini ya wema."

Kinyozi akaniambia, "Umempiga vizuri, Fundi." Nikamwambia asante.

Baadaye shangazi mmoja wa ukoo, aliyetoka mbali, alimwuliza mama yule mwanamke wa gauni jeusi pale nyuma ni nani. Nilisikia swali, nikaanza kuondoka ili nisisikie jibu.

"Ni mjane wake," mama akasema.

"Kumbe alioa?"

Mimi sikugeuka, wala sikumsahihisha.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Mama yake hajaja tena kibandani, na lenzi hajairudisha. Dada aliniambia kwamba picha kubwa wameitundika sebuleni, lakini mama haitazami. Anatazama ile ndogo, ya kiganja, amebana lenzi jichoni kila asubuhi, na mgeni asiyejua akiingia hudhani mama amelia. Mimi nilinunua lenzi nyingine.

Studio sasa ni duka la viatu. Walipokuwa wanaihamisha, dada aliniletea picha ya dirishani, imefungwa kwa gazeti. Mwanzoni niliigeuza ikatazama ukuta. Siku hizi sijui ni kwa nini, nimeiacha itazame chumba. Kwa miezi minane niliweza kukuonyesha kila kosa lililomo ndani yake. Hili shavu si langu, huu mdomo si wangu, hivi sivyo ninavyokaa. Juzi niliitazama kwa lenzi, kipande kwa kipande, sikupata kosa hata moja.

Leseni yangu ya kibanda inaisha mwisho wa mwezi huu. Nimekwenda kuuliza, wamesema picha za mwaka jana hazipokelewi. Wanataka mbili ndogo, za karibuni, uso wazi.